Sikio la Kichwa cha Kinyozi

Usiku wa jana niliota kichwa kinabisha hodi mlangoni kwangu. Nikakijua. Ni kile nilichokuwa nakichora ukutani kwa Shekiondo kinyozi, ng'ambo ya uchochoro, siku aliponiambia niteremke kwenye ngazi kwa sababu ameleta bango la kuchapishwa. Nilikuwa nimebakiza sikio moja tu. Nikateremka, nikatupa brashi koponi, na tangu siku hiyo sijachora hata yai.

"Fundi Sikudhani," kikasema kichwa, "asubuhi Shekiondo ananipaka chokaa. Naomba sikio langu."

"Sichori siku hizi."

"Upande huo sisikii. Si unaona mwenyewe?"

Nikaifuata brashi. Imekauka, ngumu kama msumari, tena imenuna.

"Siku zote hizo hunisemeshi," ikasema. "Leo una shida ndiyo unanijua?"

"Yaishe, basi."

"Nimechoka."

"Kazi hujafanya, umechokea wapi? Ingia kwenye mafuta ya taa hapa."

Ikaingia, huku inasonya.

Tunatoka nje. Uchochoro haupo, pana uwanja mkubwa, na ukuta wa Shekiondo uko kule mwisho. Kila niliyemfundisha kuchora nilimwambia kilicho mbali akichore kidogo. Basi ukuta ni mdogo kama kiberiti. Natembea, unakua. Nafika, umeshanizidi kimo. Kichwa kinajibandika mahali pake na kusubiri.

Juu yake linaning'inia lile bango, na ndani yake kijana anayecheka kwa meno mengi kuliko ya binadamu.

"Pamefungwa," linasema, halipunguzi kicheko. "Mimi nimechapishwa, sikosei. Wewe utakosea."

"Nitakosea, ndiyo. Nakosea kwa mkono wangu, wewe inakuuma nini?"

"Na sikio lenyewe unalikumbuka lilivyo?"

Hapo likanipata. Mikunjo ya sikio imenitoka kabisa. Machozi yananilenga, na chini ya ukuta chokaa imeanza kupanda yenyewe. Imeshafika kidevuni.

"Fundi," kinasema kichwa, "naona unaniaga."

Aa, hapana! Hasira zikanipanda. Siku ile niliteremshwa, leo siteremki. Nikalishika sikio langu la kushoto, nikalipapasa kidogo, nikachora kidogo, kwa mkono uleule unaokosea. Mkunjo. Bonde. Ndewe, ile nyama laini ya chini. Chokaa ikafika mdomoni, nami nachora. Bango likaniambia nimepinda, nikaliambia hata lenyewe limetundikwa upande. Chokaa ikagusa ndewe mbichi, ikasimama.

"Nasikia," kikasema kichwa.

"Unasikia nini?"

"Unahema kama mtu aliye kazini."

Nikaamka. Jua limeshatoka. Brashi iko dirishani, laini, inanuka mafuta ya taa. Nikajikuna sikio la kushoto, kidole kikatoka na rangi ya kahawia.

Nje ndoo ikagonga chini.

"Fundi!" Shekiondo anaita. "Hebu njoo uone! Hili sikio lenye tundu la hereni limefikaje kwenye kichwa cha mwanaume?"

Nikabeba ngazi, nikatoka.

"Langu hilo," nikamwambia. "Ondoa chokaa yako hapo. Na usiliguse, rangi bado mbichi."