Mtoto wa Meza

Kwa mara ya nne, karani ambaye watu wa foleni walimbandika jina la Njoo Kesho alimjibu fundi seremala bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

"Mzee wangu, dawati la malalamiko halijapokea barua yako."

Cheti cha kuzaliwa cha binti wa fundi kilisema yeye ni mvulana. Mwalimu alishaonya: bila cheti kilichosahihishwa hakuna mtihani, na majina yanafungwa leo saa kumi. Sasa ilikuwa saa nane.

"Barua zote tatu nilikupa mkononi, mwanangu!"

"Mimi nani? Dawati ndilo linalopokea. Dawati ni ofisi, mzee, siyo mbao."

"Siyo mbao?" Fundi alicheka kicheko cha mtu aliyejigonga nyundo kidoleni. "Hili nimelipiga randa mwenyewe!"

Hapo akakumbuka aibu yake. Mwaka juzi, alipoitengeneza meza hii, aliwaomba wakubwa wa ofisi siku moja zaidi. Wakamkatalia, mgeni rasmi yuko njiani kukata utepe. Basi ubao wa nyuma wa droo akauacha mfupi, nusu ya kimo; karatasi zikijaa, humwagikia nyuma.

Akazunguka meza, akainua droo kidogo, akaivuta. Njoo Kesho akaruka. "We mzee, hiyo ni mali ya serikali!"

"Na huu uchafu wa nani?"

Barua ziliporomoka kutoka nyuma ya droo kama maharage kwenye gunia lililotoboka. Za fundi zilikuwemo, zote tatu, bado zimefungwa. Foleni ikavunjika. "Yangu hiyo!" bibi mmoja akapiga kelele. "Miezi saba naambiwa haijafika!"

"Tulieni, nitazishughulikia kesho..."

"Kesho ni jina lako, si siku!" Fundi akaketi sakafuni, kaipakata droo. Mhuri ulikuwa humo ndani. "Droo ninyi wenyewe mnaiita mtoto wa meza. Mtoto harudi kwa mamaye mpaka wangu asahihishwe."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Njoo Kesho akatazama mlango. Ulikuwa umejaa vifua. Akaketi, akaandika, akanyoosha mkono kuomba mhuri.

Saa tisa na robo cheti kilitoka, wino bado mbichi, na mhuri ukarudi drooni. Fundi alikipuliza, akasimama, akamwekea bibi droo mapajani.

"Mshike vizuri, mama. Barua yako ikijibiwa, mpe wa nyuma yako."

Kisha akatoka mbio kuelekea shuleni.