Kope za Bubu

Je, wewe umewahi kuona kosa linakuja, ukalitazama linavyokaribia hatua kwa hatua, na bado ukanyamaza kwa sababu anayelifanya ni mama mkwe wako? Msasa alinyamaza. Ukimuuliza leo atakwambia asubuhi ile ulimi wake ulikuwa mzito kuliko jeki ya lori.

Jina la Msasa alipewa pale pale gerejini. Tangu aolewe, miaka sita, kazi yake ilikuwa kusugua magari kwa msasa, wa kavu na wa maji, mpaka vidole vikawa laini kama vya mtoto mchanga. Mwenye gereji alikuwa mama mkwe wake, Mama Nyundo. Mume wa Mama Nyundo alipofariki watu walidhani mlango ule utafungwa. Yeye akavaa ovaroli ya marehemu, akakunja mikono mara tatu, akaendelea kugonga bodi. Palipobonyea, akipagonga yeye, hutajua kama paliwahi kuguswa.

Lakini Mama Nyundo alikuwa na lake: kila gari alilianza yeye na akalimaliza yeye. Msasa alipewa ya katikati. Naye Msasa alitaka kitu kimoja tu duniani, gari moja alianze mwenyewe na alimalize mwenyewe. Hakumwambia mtu, hata mume wake, maana mume wake ni mtoto wa mama yake, na siri kwake haikai mpaka chai ipoe.

Basi asubuhi hiyo ikaingia pikapu ya umeme, ya kwanza kuonekana gerejini pale. Iliingia kimya kabisa. Mama Nyundo alikuwa ameinama anaokota spana. Kugeuka, bampa hili hapa, karibu limguse goti.

"Wewe! Gari gani hili hata halikohoi?"

"Mimi naliita Bubu, mama," akasema mwenye gari akishuka, huku anacheka. Alikuwa mkunga, wa kuzunguka zahanati za barabara za udongo. Alikuwa amefunga matairi mapana ili asinase, lakini yalitokeza nje ya bodi na kurusha tope hadi kwenye vioo. "Juzi nimempakia mama mwenye uchungu, kioo kiko wazi, tope likampaka uso mzima. Alinitukana mimi, akalitukana gari, akamtukana na mumewe ambaye hata hakuwepo."

Akashusha boksi. Ndani mlikuwa na mapande manne ya plastiki ngumu, meusi, ya kupachika juu ya matairi yatokeze nje na kuzuia tope. Gerejini pale huyaita kope, kwa vile hukaa juu ya tairi kama kope juu ya jicho.

Mkunga akawaonyesha na mahali pa kuchajia: kifuniko kidogo kwenye fenda ya mbele kushoto, juu kidogo ya tairi. Ukikibonyeza kinaangukia chini, kama ulimi wa mtoto anayeonyesha koo kwa daktari. Akakirudisha. "Kesho saa nne nalifuata. Nina kina mama watatu wanaohesabu siku."

Sasa, gereji ile ina sheria yake, ya tangu enzi za marehemu. Kabla hujagusa fenda, unaziba kifuniko cha tangi kwa tepu ili vumbi lisiingie kwenye petroli. Mama Nyundo, mkono umezoea, akachukua tepu, akakibandika kile kifuniko cha chaji pande zote nne.

Msasa akaona. Akaona kwamba kifuniko kinafungukia chini, na kwamba kope itakaa hapo hapo chini yake, na kwamba kikishabandikwa hakuna atakayekifungua kupima.

"Mama," akaanza.

"Nini?"

Mkunga alikuwa bado amesimama, mkoba begani, anawatazama.

"Hamna, Mama. Nilitaka kuuliza kama nilete dreli."

"Siku hizi dreli inaulizwa?"

Wakafanya kazi, tena kazi safi. Mama Nyundo alijaribisha kila kope mahali pake, akapiga mstari kwa penseli, akapima mara mbili, akatoboa matundu madogo kwenye ukingo wa ndani wa fenda. Kila tundu alilipaka rangi ya kuzuia kutu kwa kijiti, akalisubiri likauke kama anayesubiri uji. Akavisha mpira ukingoni, akakaza skrubu. Saa tisa alasiri Bubu alikuwa amesimama kifua mbele, kope nne, kama bwana harusi.

Mama Nyundo akabandua tepu. Akabonyeza kifuniko. Kikashuka upana wa kidole kimoja, kikagota kwenye kope. Tok. Akakirudisha, akabonyeza tena. Tok.

Bila kugeuka akasema, "Msasa. Wewe ulijua."

"Nilijua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu unabandika tepu."

"Na ukanyamaza!"

"Ningekukosoaje mbele ya mgeni, Mama?"

"Mgeni kaondoka saa tatu. Sasa hivi saa tisa."

Kweli yenyewe ni kwamba Msasa aliogopa kuitwa mjuaji, na kila tundu lililotobolewa lilizidi kumfunga mdomo.

"Heshima gani hiyo, ya kunitazama natumbukia?" Mama Nyundo akashika bisibisi. "Tuing'oe hii moja. Bora atoke na kope tatu kuliko gari lisiloweza kula."

"Kope tatu, Mama? Kama limetoka kupigana?" Msasa alishangaa kusikia sauti yake mwenyewe. "Niachie. Mpaka jioni nitakuwa nimemaliza."

Mama Nyundo akaweka bisibisi chini, akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

Msasa akatafuta chaki. Akaipaka kwenye ukingo wa kifuniko, akakiachia kishuke chenyewe, akakirudisha, akakiachia tena. Chaki ikaandika juu ya kope ile nyeusi mahali hasa kinapogusa. Akaifungua kope, akaongeza nafasi ya unene wa sarafu nje ya alama ya chaki, akakata hapo kibonde kwa msumeno wa meno madogo, taratibu, plastiki isipasuke. Kisha akapitisha tupa. Kisha msasa, ule mkali kwanza, halafu wa kati, halafu wa maji. Hapo ndipo miaka sita ilipojionyesha. Mkono ulikwenda na kurudi bila kuonekana kuhangaika, na ukingo ukatoka mviringo, laini kama mdomo wa kikombe.

Kisha akaenda kuifungua na kope ya kulia.

"We! Huko nako kuna chaji?"

"Hakuna, Mama. Lakini kibonde kikiwa upande mmoja, watu wataona kosa. Kikiwa kote kote, wataona mtindo."

Mama Nyundo alicheka mpaka ndoo ikayumba.

Kesho yake saa nne mkunga akaja. Akazunguka gari mara ya kwanza, akazunguka mara ya pili, akabonyeza kifuniko. Kikashuka chote na kulala ndani ya kibonde chake kama kilizaliwa nacho.

"Mwenzangu kafungiwa kope kama hizi," akasema, "lakini zake hazina huu mkato mzuri. Yeye kifuniko kinamgomea, anakishikilia kwa mkono. Fundi aliyefanya hivi ni nani?"

Msasa akainamisha kichwa, kama kawaida yake. Akasikia mama mkwe wake anakohoa.

"Mimi nilikosea," Mama Nyundo akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza vipuri wa jirani. "Huyu ndiye aliyetengeneza. Mkwe wangu huyu. Mwangalie vizuri, na huyo mwenzako mwambie aje kwake."

Mkunga akampa Msasa mkono, akaushika kwa mikono yote miwili. Bubu akatoka kimya kimya, mabega mapana, na mafundi wa mtaa mzima wakasimama kumtazama. Mama mkwe na mkwe wakabaki mlangoni, wote wawili wamejishika viuno, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kurudi ndani.

"Una neno wewe," Mama Nyundo akasema. "Tangu jana midomo inakucheza. Kama ni kosa langu jingine, safari hii liseme mapema."

"Si kosa, Mama."

"Haya, liseme."

Msasa akajifuta mikono kwenye ovaroli, ingawa haikuwa na uchafu.

"Gari la huyo mwenzake likija, Mama, nalitaka mimi. Nilianze mimi, nilimalize mimi, na wewe ukae kwenye ndoo."