Samaki wa Mkwe

Protase alikuwa mwembamba kiasi kwamba suti yake ya harusi bado ilimtosha, tena ikabaki na nafasi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ana mafuta kwenye damu atadhani unamtania, na yeye ndivyo alivyodhani siku daktari alipomwambia. Mafuta ni ya mabosi wenye vitambi. Yeye alikuwa mpima ardhi, mtu wa kupanda na kushuka vilima kutwa nzima, mlaji wa ndizi na maharage. Daktari akamweleza taratibu kwamba mafuta yake hayakutoka jikoni, aliyarithi. Baba yake Protase alianguka uani akianika kahawa, akiwa bado mtu wa nguvu zake, na hakuinuka tena. Daktari akaongeza kwamba watoto nao wapimwe mapema. Protase akajibu kwamba atawaleta, na hakuwaleta.

Vidonge vilisaidia kidogo, halafu vikagota. Ndipo akaandikiwa sindano, kalamu ya plastiki iliyojazwa dawa tayari, ya kujichoma pajani kila baada ya wiki mbili. Bukoba hakuipata. Ndugu yake Avit, aliyeko Dar es Salaam, ndiye aliyeihangaikia na kumtumia. Nesi wa kliniki, Agnetha, alimfundisha kuitunza. Ikae kwenye friji, lakini mbali na sehemu ya barafu. Isitikiswe. Ukisafiri, iache ndani ya boksi lake isipigwe na jua, na hali ya hewa ya huku kwetu haitaidhuru kwa siku chache. "Ila isigande," Agnetha alisema. "Ikiganda, hata ikiyeyuka ukaiona nzuri, usijichome. Hiyo si dawa tena."

Protase aliyashika maneno hayo vizuri. Tatizo lake halikuwa kutojua. Tatizo lake lilikuwa aibu.

Aibu hiyo ilianzia kwenye posa. Wazee wa Renatha, kabla ya kumtoa binti yao, walituma watu kuuliza kama ukoo wa kina Protase una ugonjwa unaotembea, kama wanavyouliza wazazi wote wenye akili. Baba mdogo wa Protase, Karugendo, akaapa mbele ya pombe kwamba ukoo wao ni mzima kama mgomba wenye mbolea, na kwamba marehemu alikufa kwa homa. Sasa Protase alikuwa na watoto wawili na Renatha, na kwenye friji ya nyumba yao pale Kitendaguro kulikuwa na ushahidi kwamba wakwe zake walidanganywa. Renatha aliijua sindano. Alichoambiwa ni kwamba mumewe ana shida ya moyo inayoletwa na kazi nyingi, na akaonywa asimwambie mtu. Habari ya kurithi hakuwahi kuisikia.

Ikafika jubilei ya ndoa ya wakwe, Ta Ildefons na Ma Adventina, kule Buganguzi, Muleba. Sherehe ilipangwa Jumamosi, na Jumamosi hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuchoma. Renatha na watoto walikuwa Maruku kwa dada yake, wangefika asubuhi ya sherehe. Protase alitakiwa kutangulia Ijumaa kuwasaidia wazee kufunga turubai. Nyumbani ilibaki kalamu moja tu, na Avit alishasema nyingine itachelewa.

Renatha alimwambia kwenye simu atie boksi katikati ya nguo, safari yenyewe ni fupi. Protase akaona hiyo ni kuidharau dawa. Akaazima kibegi cha baridi, akaweka barafu pembeni, akalifunga boksi kwa taulo ili barafu isiliguse. Kutoka Bukoba mpaka Muleba alikipakata kama mtoto mchanga. Alifanya kila kitu sawasawa mpaka alipofika mlangoni kwa wakwe.

Mkwe akifika ukweni hapiti mlangoni amejibebea mizigo. Ma Adventina alitoka mwenyewe, akapokea mchele, sukari na kitenge, akampa pole ya safari huku ameelekeza macho kwenye migomba, maana mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni kama watu wa rika moja. Kisha akashika mkanda wa kile kibegi.

"Na hiki cha baridi, baba, kina nini?"

Jibu lilikuwa neno moja tu, dawa. Lakini dawa huleta swali la pili, na swali la pili lingefika kwa marehemu baba yake. Ndani sebuleni, kwenye nyasi mbichi zilizotandikwa kwa ajili ya sherehe, alikuwa amekaa Mzee Mushumbusi, yule yule aliyetumwa kuuliza habari za ukoo.

"Samaki, Mama," Protase akasema.

"Samaki?"

"Samaki, waitu," akasema kwa heshima. "Wa Bukoba."

Ma Adventina akafurahi mpaka ikamchoma Protase. Akakiinua kibegi, akasema kwa sauti ya kusikika sebuleni kwamba wakwe wengine huja na maneno matupu, wa kwake amekuja na samaki. Akaingia nacho chumbani kwake. Friza yake ilikuwa humo, karibu na kitanda, yenye senene wa msimu uliopita. Mlango ukafungwa.

Mwanaume mzima, baba wa watoto, akabaki amesimama uani hajui la kufanya na mikono yake. Chumba cha mama mkwe si mahali pa mkwe kuingia, hata nyumba ikiwaka moto atamwita mtu mwingine. Angeweza kumwita Mama pembeni na kumwambia si samaki. Alijaribu. Ma Adventina alipotoka na kikombe cha kahawa, Protase akakohoa, akasema, "Mama, wale samaki..."

"Usiwe na wasiwasi," akajibiwa. "Nimewaingiza na kibegi chao, chini kabisa. Kesho asubuhi nitawatoa."

Akashukuru. Hebu fikiria, alishukuru. Jioni Renatha alipopiga simu na kuuliza dawa iko wapi, akajibu, "Iko kwenye friji ya mama." Renatha akasema afadhali amemwambia mama. Protase akanyamaza, na kimya hicho kikawa uongo wa pili. Alilala akiomba umeme ukatike. Umeme wa Buganguzi, ambao hukatika hata wingu likipita, safari hii ulikaa kama umelipwa kukaa.

Asubuhi Renatha alifika na watoto na kuvutwa jikoni moja kwa moja. Misa ikasomwa, wazee wakavishwa maua, watu wakapiga vigelegele. Protase hakusikia mahubiri. Aliona tu mkono wa Ma Adventina ukishika mkono wa mumewe, akawaza kwamba kufikia sasa kibegi kimefunguliwa. Alingoja aitwe. Hakuitwa. Alipokutana na mama mkwe mlangoni mwa kanisa, yule mama alimpita akiwa ametulia kabisa, na utulivu ule ukamtisha kuliko kelele.

Chakula kikapakuliwa chini ya turubai. Ndizi, nyama, maharage. Halafu Ma Adventina mwenyewe, akiwa na vazi lake la jubilei, akatoka jikoni amebeba sinia la sato waliokaangwa vizuri, wakubwa, wanaonukia ndimu. Akaliweka mbele ya Mzee Mushumbusi.

"Hawa ni wa mkwe wetu," akasema. "Amewaleta kutoka Bukoba."

Watu wakapiga makofi. Protase alielewa papo hapo kilichotokea. Mama alifungua kibegi alfajiri, akakuta boksi la dawa lenye jina la mkwewe, akalirudisha. Kisha katikati ya pilikapilika zote za siku yake kubwa akatuma mtu senta kutafuta samaki, ili mwongo asiumbuke mbele za watu. Hakuna aliyemtukana Protase siku ile. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

"Mkwe, mbona huli samaki wako?" Mzee Mushumbusi akauliza. Akachukua kipande kinono, akamwekea. Protase akala. Kila mtu akamsifia.

Watu walipokuwa kwenye ngoma, Ma Adventina alimwita kwa mkono nyuma ya nyumba, kwenye kibanja cha migomba. Alisimama upande mmoja wa mgomba na Protase upande wa pili, hivyo kila mmoja akawa anaongea na jani. Mama alikuwa na kitu kimeviringishwa kwenye khanga.

"Sikusoma sana," akasema, "lakini jina lako najua kulisoma. Sitauliza ni ugonjwa gani. Ukitaka utasema. Dawa yako hii hapa."

"Ahsante, Mama."

"Nimeona umeibebea barafu, nikajua inataka baridi. Nimeisukuma chini kabisa, kwenye baridi kali, isije ikaharibika. Nimekuwa naichungulia hata nikiwa na wageni. Ishike uone ilivyo baridi."

Akanyoosha mkono kupita mgomba. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyetunza mali ya mwenzake vizuri. Protase akalipokea boksi. Lilikuwa gumu, lina ukungu wa barafu pembeni. Akalifungua kidogo. Kwenye kidirisha cha kalamu, mahali ambapo dawa huonekana angavu kama maji, palikuwa peupe.

Njia rahisi ilikuwa wazi. Angesema ahsante, angeitia mfukoni, angeitupa chooni Kitendaguro, na mama angebaki na furaha yake. Ungekuwa uongo wa tatu, na huu ungeonekana hata kama wema. Lakini alijua kitakachofuata. Safari ijayo Mama angeipokea tena dawa yake kwa mikono miwili na kuisukuma kwenye barafu kwa upendo ule ule.

"Mama," akasema, "imeganda. Dawa hii ikiganda haifai tena."

Akamsikia upande wa pili wa mgomba akikaa chini kwenye majani makavu, na vazi lake zuri.

"Unayo nyingine?"

"Sina. Itachukua muda."

"Kwa hiyo nimekuulia dawa."

"Hapana, Mama. Si wewe."

"Ni mimi niliyeisukuma chini." Kisha akasema polepole, bila ukali wowote, "Nilikuuliza mlangoni. Nilikuuliza mara mbili."

Protase alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amemkalisha mama wa watu mavumbini siku ya jubilei yake, anajilaumu kwa kosa ambalo si lake. Ndipo akasema yote, akiliangalia lile jani. Kwamba ni mafuta kwenye damu, kwamba yametoka kwa baba yake, kwamba hakukuwa na homa yoyote, kwamba daktari alitaka watoto wapimwe.

"Wamepimwa?" Ma Adventina akauliza haraka.

"Bado."

"Renatha anajua?"

"Hajui."

Ma Adventina akainuka na kujipangusa majani. Kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake alizunguka mgomba, akamtazama mkwewe usoni. Alikuwa anatokwa machozi, na hakuyaficha.

"Mimi nimekusitiri kwa samaki," akasema. "Kwa wajukuu zangu siwezi. Nenda kamwambie mke wako."

Akarudi kwa wageni. Protase akabaki kidogo, boksi likimganda mkononi, kisha akamfuata. Renatha alikuwa turubaini anakusanya sahani. Mzee Mushumbusi, aliyeshashiba, akamwona Protase na kumwita kwa furaha.

"Mkwe, tuelekeze. Samaki kama hawa Bukoba unawapata kwa nani?"

Watu wakageuka kumsikiliza. Ma Adventina alikuwa pembeni na birika la kunawia, ameinamisha kichwa. Protase aliona kwamba hata sasa alikuwa tayari kumwacha apite.

"Sikuleta samaki, Tata," Protase akasema. "Samaki amenunua Mama. Mimi nilikuja na dawa yangu, nikaona aibu kusema."

Renatha akaziweka sahani chini, akaja karibu, akaliona boksi lenye barafu mkononi mwa mumewe, akajua maana yake kabla ya kuambiwa.

"Imeganda," akasema.

"Imeganda. Na kuna lingine sijakwambia. La watoto. Ugonjwa huu niliurithi kwa baba."

Renatha akamtazama mtoto wao mkubwa, mwembamba kama baba yake, akirukaruka kwenye ngoma na wenzake. Akaenda kumshika mkono na kumtoa kwenye kucheza. Mtoto akalalamika, akauliza amekosa nini, na Protase hakuweza kuinua macho.