Adapta Nne na Kizimba Kimoja

Shangazi Perpetua hufundisha sayansi shuleni kwetu, na kwa miaka tisa hajapanda daraja. Safari hii ilibaki Jumatano tu: Mkuu wa shule, Bwana Abanilla, akae nyuma ya darasa, atazame somo la moyo, ajaze fomu. Alama za teknolojia zikiwa chini, daraja litasubiri mwaka mwingine.

Jumamosi tukaenda mjini kutafuta adapta ya kuunganisha laptopu yake na runinga ya darasa.

"Laptopu ina tundu gani, dada?" muuzaji akauliza.

"Lile dogo. Runinga ina HDMI."

"Basi kuna fupi, ndefu, ya waya, na hii ya matundu saba."

"Shangazi, chukua ya matundu saba, itakupikia na wali," nikadakia.

"Nyamaza, mdomo kama kasuku!"

Akachukua zote nne, aibu isimkute. Nyumbani akazijaribu kwenye runinga ya jirani, zote zikaonyesha picha. Alipima kila kitu isipokuwa kizimba.

Runinga ya kwanza ya darasa letu iliibwa. Ya pili walichanga wazazi, na wiki hiyohiyo Mkuu akaamuru ifungiwe ndani ya kizimba cha nondo. Fundi alikichomelea kikabana kama kiatu cha kuazima.

Jumatano, Shangazi akapitisha adapta fupi katikati ya nondo. Ikagonga chuma. Ndefu, vivyo hivyo. Ya waya ilikuwa na kichwa kinene. Ile ya matundu saba hata haikupita kati ya nondo. Kati ya tundu la runinga na nondo palibaki upana wa kidole.

"Mkuu, naomba ufunguo wa kufuli."

"Hautolewi bila barua ya siku tatu kabla, Mwalimu. Ni agizo."

"La nani, Mkuu?"

Akakohoa. "Langu."

"Basi ajiandikie barua," nikanong'ona, na dawati zima likaanza kutikisika kwa kicheko.

Shangazi hakubishana. Akavuta chini ya meza mchoro wa moyo aliouchora mwaka juzi kwenye karatasi ya manila, akaubana kwenye nondo kwa vibanio vya nguo, mbele kabisa ya runinga. Akafundisha dakika arobaini. Hata mimi nilielewa, jambo lisilo la kawaida.

Nilikaa kando ya Mkuu, kwa hiyo niliona kalamu yake. Kwenye teknolojia aliandika mbili kati ya tano. Fomu inadai sababu ya alama ndogo. Akaandika "Kizimba", akalitazama neno hilo kama mtu aliyekutana na jina lake kwenye orodha ya wadaiwa. Akafuta vyote viwili. Akaandika tano, na chini yake: "Picha ilionekana vizuri mpaka nyuma ya darasa."

Barua ya kupandishwa daraja ilifika mwezi wa sita. Adapta bado ziko kwenye mfuko wa duka. Na Mkuu, ambaye hapendi jambo zuri lipotee, aligawa vibanio vya nguo sita kwa kila darasa lenye kizimba.