Watu Themanini Ndani ya Ghala

Mkutano ulikuwa umeshavunjika mara mbili, na huu wa tatu ndio ulikuwa wa mwisho. Tusajigwe aliamka siku hiyo akiwa amechoka tayari. Mgongo ulimuuma mahali pale pale unapouma kila siku, chini kidogo ya shingo, kapu la majani ya chai linapokaa. Alisikiliza mvua juu ya bati, akasema moyoni kwamba ikiwa watu hawatatimia leo, yeye daftari la kikundi atalipeleka jikoni akawashie moto.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kueleza na gumu kutenda. Kampuni mpya iliyochukua kiwanda cha chai baada ya serikali kujitoa ilikuwa inapanga njia za malori yake. Kikundi cha wakulima kinachotaka kituo cha kupimia majani kijijini kwake sharti kifanye mkutano mkuu, theluthi mbili ya wajumbe wawepo, na wakubali mkataba mbele ya afisa wa kampuni. Kikundi chao, huku juu ya Kawetele, kilikuwa na wajumbe mia na ishirini. Akidi ni themanini. Wakitimia, lori litafika mlangoni. Wasipotimia, lori litakwenda kwa watu wa ng'ambo ya mto, na wanawake wa huku wataendelea kutembea saa mbili na kapu mgongoni, wafike kituoni majani yameshapata joto na kuwa mekundu, mpimaji ayatie mkono, anuse, akatae. Wiki iliyopita Tusajigwe alikuwa amekataliwa makapu mawili. Aliyamwaga mtaroni, akarudi nyumbani bila hata nguvu ya kulaani.

Yeye ndiye alikuwa katibu, mwaka wa nane sasa. Lakini katika miaka hiyo minane hakuwahi kukanyaga ndani ya ukumbi wa mikutano hata siku moja. Ukumbi ni lile ghala lililoachwa na chama cha ushirika kilipokufa, na meza ya mwenyekiti imewekwa karibu na kidirisha kidogo cha ubavuni. Tusajigwe hukaa nje ya kidirisha hicho, kwenye kibaraza, daftari juu ya magoti, akiandika anayoyasikia. Sababu ni kwamba mwenyekiti, mzee Ambindwile, ni baba mkwe wake.

Mtu wa kwetu haelezwi zaidi ya hapo. Mkamwana aliyelelewa akaleleka hakai chumba kimoja na mkwe wake wa kiume. Hamtazami usoni, halitamki jina lake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia migombani akageuza mgongo mpaka mzee apite. Vijana wa mjini Ibighi wanacheka, wanasema siku hizi ni soko huria na kila kitu ruksa. Wacheke tu. Tusajigwe alikuwa ameolewa miaka ishirini na sita, na katika muhtasari wake wote mkwe wake ameandikwa "Mwenyekiti", jina hakuna. Mambo yao yote yalipita kwa mumewe, Lazaro, ambaye alibeba maneno ya pande zote mbili kama mtu anayebeba mayai, na mara nyingi alifika nayo pungufu.

Sasa, mikutano miwili ya kwanza ilikwama kwa nini? Wanaume waliokaa ndani walikuwa na jibu. Mzee Asajile, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika tangu abatizwe, alisema wanawake ni wavivu wa mambo ya maana, wanapenda gulio kuliko maendeleo. Wanawake hao wavivu walikuwa wamesimama nje chini ya migomba, mvua ikiwanyea, wajumbe halali wenye mashamba yao. Ghala lina mlango mmoja, na ndani wamejaa baba wakwe. Nani aingie? Afisa alihesabu vichwa vya ndani, akapata thelathini na nane, akaondoka. Mara ya pili akapata arobaini na moja.

Na Tusajigwe, ambaye alijua sababu kama anavyojua kiganja chake, aliandika: "Mkutano haukufanyika kutokana na mvua."

Hilo lilimuuma kuliko mgongo. Mwaka uliopita kikundi kilikuwa kimempeleka Mbeya kwenye semina ya siku tano ya kupanga mikutano na shughuli. Mwezeshaji, bwana mmoja nadhifu kutoka Dar es Salaam, aliwabandikia karatasi kubwa ya manila ukutani, akaichora safu: lengo ni nini, nani afanye, lini, kwa kitu gani, na ya mwisho, kikwazo. Aliwaambia mkutano haufi siku ya mkutano, hufa siku ya kupangwa. Kila mmoja akaitwa mbele aandike kikwazo cha kwao. Tusajigwe alishika kalamu, akamtazama yule bwana na viatu vyake vinavyong'aa, akaona haya. Utamwelezaje mgeni mambo ya mkwe? Akaandika "mvua". Akapigiwa makofi, akala maandazi, akarudi Tukuyu na cheti.

"Mvua!" alisema Veronika, jirani yake, baada ya mkutano wa pili kuvunjika. Walikuwa wakichuma chai, kila mmoja kwenye mstari wake. "Mama Lusungu, mvua huku imeanza lini? Mimi nilizaliwa inanyesha, nikaolewa inanyesha, na nitazikwa inanyesha. Andika ukweli."

"Nimwandikie nani? Kila mtu anaujua."

"Ndiyo maana hakuna anayeutengeneza."

Tusajigwe aliendelea kuchuma. Alikuwa amechoka kuwa na akili peke yake. Lakini jioni aliitoa karatasi ya manila uvunguni, akaigeuza upande mweupe, akachora safu zake upya. Kwenye safu ya mwisho aliandika kwa herufi kubwa: WAKWE. Akaikunja haraka kana kwamba ametukana.

Baada ya hapo mambo yalipangika. Kanisani, alikumbuka, wanawake wana mlango wao na upande wao, na wazee hukaa mbele wasigeuke nyuma. Kanisa lenyewe mchungaji aliwanyima, akisema nyumba ya Bwana haiwezi kuwa ya biashara. Basi ghala litafanywa kama kanisa. Nyuma kulikuwa na dirisha pana la kupakilia magunia, limepigiliwa mbao tangu ushirika ufe. Fundi Andongwisye angezing'oa na kupanga mawe ya kupandia. Katikati lingetundikwa pazia la vitenge, kila mwanamke atoe kimoja, Veronika aviunge. Siku ingekuwa Jumatano, maana Alhamisi ni gulio. Saa ingekuwa nne, watu wakiwa wameshachuma. Benchi za wanawake zitoke shuleni, na mtu wa kuzibeba aandikwe jina. Akidhani amemaliza, akarudia tena, akaweka mtu wa akiba kwa kila kazi, kama alivyofundishwa.

Lazaro aliupeleka mpango kwa baba yake, akarudi na neno moja.

"Amesema sawa."

"Basi?"

"Basi."

Jumatano ikafika, na mvua yake. Kufikia saa nne kasoro robo Tusajigwe alikuwa amezunguka ghala mara sita, matope mpaka kwenye vigimbi. Mbao zimeng'olewa. Pazia limetundikwa, la rangi zote. Wanawake walikuwa wakipanda dirishani mmoja mmoja, wakivutana mikono, wakicheka kwa sauti ya chini. Wanaume waliingia kwa mlango wao. Kila kitu kilikuwa mahali pake, naye akaenda kukaa mahali pake pa kila siku, kibarazani, kwenye kidirisha.

Afisa wa kampuni alifika na pikipiki, kijana aitwaye Zebedayo, mzaliwa wa Ibighi, tai imelowa shingoni. Aliwaamkia wazee shikamoo, wakamwitikia marahaba. Kisha akaliona pazia.

"Hili ni la nini, wazee wangu?"

Zebedayo mwenyewe alijua vizuri ni la nini. Mama yake mwenyewe huingia migombani. Lakini fomu yake haikujua. Alisafisha koo.

"Samahani sana. Fomu inataka wajumbe waonekane, na kura ipigwe kwa mikono mbele ya mwenyekiti. Watu waliofichwa siwezi kuwahesabu. Pazia liondoke. Na saa sita nina mkutano ng'ambo ya mto."

Tusajigwe aliyasikia hayo kutoka nje, akafumba macho. Alikuwa amepanga watu wa akiba, benchi za akiba, hata taa ya akiba. Kwa hili hakuwa na akiba. Upande wa pili wa pazia wanawake walianza kunyanyuka. Alisikia benchi zikilia na mtu akishuka dirishani. Wanaondoka, akawaza, na hasira hakuwa nayo. Alichotaka ni kulala tu. Aliwaza makapu yatakayobebwa kesho, na keshokutwa, na mwaka ujao, na shingo yake, na shingo ya binti yake Lusungu.

Ndipo akasikia kiti kikiburutwa.

Alichungulia kidogo, kwa pembe ya jicho. Mzee Ambindwile alikuwa amesimama. Alikinyanyua kiti chake mwenyewe, kwa shida, akakizungusha, akakaa tena, uso kwenye ukuta wa ghala na mgongo kwa watu wote.

"Mimi nimegeuka," akaambia ukuta, Kiswahili chake kikiwa na uzito wa Kinyakyusa. "Miaka yote wao ndio wanatugeuzia mgongo. Wanaingia migombani na mizigo. Leo sisi tuna mzigo gani? Geukeni, bamwitu, ndugu zangu."

Wazee, ambao viti vyao vilielekea meza yake ya ubavuni, wakatazamana. Mmoja akageuza kiti. Wa pili naye. Kelele za viti zikalishinda bati na mvua yake. Mzee Asajile alibaki wa mwisho, akinung'unika kwamba hajapata kuona mkutano wa watu wanaosoma ukuta, lakini alipojiona yuko peke yake naye akageuka.

"Ondoeni vitenge," alisema mwenyekiti.

Veronika akakata kamba. Wanawake waliokuwa wameshashuka wakapanda tena, vichwa wamevifunika, macho chini. Ghala zima lilikuwa migongo upande mmoja na nyuso upande mwingine, na katikati Zebedayo na kalamu yake. Alihesabu taratibu, akielekeza kidole. Wanaume arobaini, pamoja na mwenyekiti. Akaja kwa wanawake. Akarudia.

"Sabini na tisa," alisema. Hata yeye sauti ilimlegea. "Amebaki mmoja tu, jamani. Hakuna aliye njiani?"

Hakuna aliyekuwa njiani. Wagonjwa ni wagonjwa, waliosafiri wamesafiri. Tusajigwe, kibarazani, aliandika 79 kwenye daftari, akapitisha kidole juu ya orodha ya majina kutafuta mzembe aliyewaangusha. Alifika mwisho wa orodha, akaanza tena juu.

"Na anayeandika je?" mwenyekiti akauuliza ukuta.

Zebedayo akainua kalamu.

"Ninamuuliza afisa. Katibu umemhesabu?"

"Katibu yuko dirishani, mzee. Nje."

"Basi hayupo. Miaka minane hayupo." Mzee alikohoa. "Mwambieni aingie. Mimi nimekwisha kugeuka."

Tusajigwe alikuwa amempangia nafasi kila mtu, mpaka mbeba benchi, na jina lake mwenyewe hakuliweka popote. Alisimama. Alilizunguka ghala kwenye matope, hatua baada ya hatua, akaogopa kama alivyoogopa siku aliyoletwa ukweni. Dirishani Veronika alimpa mkono. Akapanda, akaingia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamtazama mkwe wake sawasawa, karibu, bila migomba katikati.

Aliona kisogo tu. Kisogo chembamba, cheupe kwa mvi, na chini yake, kwenye shingo, sugu nyeusi ya kamba ya kapu. Tangu mama mkwe afariki mzee alikuwa akibeba majani yake mwenyewe. Tusajigwe hakujua. Lazaro hakuwahi kulibeba neno hilo.

"Themanini," alisema Zebedayo, akaandika haraka kabla mtu hajabadili mawazo.

Hakukuwa na kiti, maana hakukipanga. Veronika akasogea, akamkalisha ukingoni mwa benchi. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa waliohudhuria, na chini ya majina yote akaandika lake. Herufi zilimtoka zikiwa zimepinda, na machozi yakaidondokea moja katikati. Alilia waziwazi, kwa uchovu na kwa kila kitu, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mzee Ambindwile alingoja, uso ukutani, mikono juu ya magoti. Alingoja mpaka aliposikia katibu wake anafuta pua na kufunua ukurasa mpya.

"Ajenda ya kwanza," akasema.