Gari la Dada Linachelewa Kuwaka

Fundi aliamka siku yake ya mapumziko akiwa amechoka kuliko alivyolala. Juma zima alikuwa amelala chali chini ya lori la matofali akipambana na giaboksi, na sasa kiuno kilikuwa kinadai haki yake. Angejifunika tena shuka hadi mchana, ila alikwisha kumwambia shemeji yake "nitakuja", na neno likishatoka halirudi mdomoni.

Shemeji huyo alikuwa mume wa dada yake mkubwa, na dada huyo alifariki mwaka uliopita. Shemeji alikuwa mwokaji mikate, mtu mpole asiyejua kugombana, mwenye nyusi zilizoonekana kama zina unga hata akitoka kuoga. Gari aliloitwa kulitazama lilikuwa la marehemu dada: dogo, la kijivu, kuukuu, la petroli, miongoni mwa yale ya mwanzo mwanzo kutumia nozeli za kunyunyizia petroli na pampu ya umeme. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu. Likilala usiku, asubuhi halitaki kuamka. Stata inazunguka, inalia weee, mpaka majirani wanageuka vitandani, ndipo linawaka kwa shingo upande. Likishawaka, siku nzima halina neno.

Fundi mwingine wa mtaa wa pili alikuwa amelitibu kwa kubahatisha. Alibadilisha betri, akabadilisha plagi, mwisho akang'oa stata yenyewe na kuweka nyingine. Gari likabaki vilevile. Hapo ndipo mwokaji alipolipeleka gereji kwa shemeji yake, na alipofika, fundi alizungusha ufunguo likawaka papo hapo.

"Unaona?" mwokaji alisema. "Likifika kwako linajifanya malaika."

"Limekuja na moto wake. Liache lilale hapa, nilikute baridi."

"Siwezi, shem. Mimi naingia kwenye tanuri kabla hata jogoo hajafikiria kuwika. Nitafikaje?"

Ikabidi fundi ndiye aende kwake. Hilo lilikuwa zito kuliko sanduku la vifaa, kwa kuwa tangu walipomzika dada hakuwahi kukanyaga tena nyumba ile. Kila alipoalikwa alikuwa na kazi, na kazi kweli haikukosekana.

Mwokaji alimfungulia geti akiwa bado na kandambili.

"Karibu, shem. Za tangu juzi?"

"Nzuri, ila mgongo. Hujaliwasha?"

"Sijaligusa hata kwa jicho. Leo na mimi nimepumzika kazi ya tanuri."

Fundi akafungua boneti. Akalegeza mpira unaoleta petroli kwenye injini, akakinga matone kwa kitambaa, akafunga geji yake ya presha. Kisha akamwomba mwokaji azungushe ufunguo kidogo bila kupiga stata. Nyuma ya gari pampu ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Sindano ya geji ikapanda vizuri.

"Pampu ina nguvu," fundi alisema. "Sasa zima. Tuone kama presha itakaa. Ikikaa, asubuhi gari linakuta mafuta mlangoni. Ikishuka, stata inazunguka bure ikisubiri mafuta yatoke tangini."

Wakainama wote wawili. Sindano ilikuwa inashuka, lakini kwa uvivu, kama mtu anayeteremka ngazi na magoti mabovu.

"Inataka muda," fundi alisema.

"Basi njoo unywe chai."

Hakuwa na kisingizio. Kipimo chenyewe kilikuwa kinataka asubiri. Akanawa mikono kwenye bomba la uani, akaingia jikoni akiwa ameinamisha macho, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa. Lakini jiko halikuwa lile alilolijua. Dada yake alikuwa mtu wa vurumai, chumvi juu ya friji, vijiko kwenye glasi ya maua. Sasa makopo yalikuwa yamepangwa kwa urefu wake, na dirishani kulikuwa na mapazia mapya yenye pindo lililonyooka kama rula. Fundi akayatazama, akakoroga chai. Wakazungumzia bei ya unga. Wakazungumzia mvua.

Waliporudi nje, sindano ilikuwa imelala kwenye sifuri.

"Presha inavuja," fundi alisema. "Sasa tujue inatokea wapi. Inaweza kuwa nozeli zinadondosha, inaweza kuwa kile kifaa cha kupunguza presha kinayarudisha mafuta, au valvu ndani ya pampu haifungi na mafuta yanarudi yalikotoka."

Akachomoa mpira mwembamba wa kifaa kile, akaunusa. Ulikuwa mkavu, hauna harufu ya petroli, kwa hiyo kifaa hakikuwa kimepasuka ndani. Akamfanya mwokaji azungushe ufunguo tena, sindano ikapanda, na mara ile akaubana kwa koleo mpira mkubwa unaotoka tangini.

"Nimefunga njia ya kurudi nyuma. Sindano ikishuka hivi hivi, ugonjwa uko huku mbele. Ikisimama, uko kwenye pampu."

"Tunasubiri tena?"

"Tunasubiri tena."

Safari hii hawakuingia ndani. Walikaa kwenye kizingiti, fundi akanyoosha miguu, mgongo ukalia. Mwokaji alikuwa anakwangua unga usiokuwepo kwenye kucha zake.

"Shem," alisema, "kuna mtu."

Fundi hakugeuka. "Ni mshonaji?"

Mwokaji akashtuka. "Nani kakwambia?"

"Mapazia. Wewe na dada mlikuwa hamjui kupiga hata pindo."

"Ana chumba chake cha kushonea karibu na tanuri. Mtu mzima mwenzangu. Hakuna lililoanza dada yako akiwa hai, naapa."

"Sijauliza hilo."

Hasira ilikuja, fundi aliisikia ikija, lakini ikaishia njiani kwa kukosa nguvu. Kilichofika kilikuwa kitu kingine, uzito tu, kama gunia uliloambiwa ulishike kidogo na mwenyewe hajarudi.

"Mama anajua?" aliuliza.

"Mama mkwe nitamwambiaje? Nilitaka nianze na wewe. Nikashindwa. Ndiyo maana nilienda kwa yule fundi mwingine. Ningekuja kwako, ningelazimika kusema. Na sauti yako, shem, ni ya dada yako kabisa. Ukisema 'haloo' kwenye simu, moyo unaruka."

"Kwa hiyo ulinunua betri ili usiongee na mimi."

"Na plagi."

"Na stata."

"Na stata," mwokaji alikubali kwa unyonge, na fundi akajikuta anatoa sauti puani ambayo nusu yake ilikuwa kicheko.

Walipoinuka kutazama, sindano ilikuwa palepale ilipoachwa, haijasogea.

"Valvu ya pampu," fundi alisema. "Haitengenezeki. Tunabadilisha pampu."

Alikuwa amehisi hivyo tangu gereji, na pampu nyingine ilikuwa ndani ya sanduku lake. Wakang'oa kiti cha nyuma kufikia mdomo wa tangi. Chini ya kiti kulikuwa na maganda ya karanga, mengi, ya kujaza kofia.

Mwokaji akayatazama. "Mke wangu alikuwa ananigombeza mimi nikila hata pipi ndani ya gari hili."

"Alikuwa anakula mwenyewe akiwa peke yake. Toka utotoni alikuwa hivyo. Anakukataza, halafu anajifungia."

Mwokaji akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea bila kicheko. Fundi akaendelea kufungua nati.

Pampu mpya ilipoingia, wakazungusha ufunguo, presha ikapanda. Wakaiacha muda mrefu kuliko mara zote, na sindano ikakaa. Fundi akatoa geji, akafunga mpira, akaangalia kama kuna tone. Mwokaji alipopiga stata, gari likawaka mara moja, bila stata kulia weee.

"Asubuhi utanipigia," fundi alisema akifuta mikono. "Jibu lenyewe ni la asubuhi. Sasa vaa viatu."

"Tunaenda wapi?"

"Kwa Mama. Twende leo hii, kabla sijapata nguvu ya kukasirika. Nitaanza mimi, utamalizia mwenyewe. Sikubebei yote."

Mwokaji akaenda kuvaa viatu bila kubisha.

Mama aliwapokea, akawasikiliza mpaka mwisho. Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa upande wa kanga. Halafu akamuuliza mwokaji huyo mshonaji ni mtu wa namna gani, na kama ana watu wake. Mwokaji akaanza kujibu, akijikwaa kila neno la tatu. Fundi alitaka kumsaidia, lakini alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto, na kichwa kilikwisha kuegemea ukuta. Sauti zao zikawa zinakuja kwa mbali, moja ya kuuliza, moja ya kujibu, na kabla hajasikia jibu la mwisho, usingizi ulikuwa umemchukua.