Kilichogonga Chini ya Vigae

Mimi ni fundi wa vigae, na kwa kazi mbovu sina simile. Kigae kikishakauka, nakigonga kwa mpini wa mwiko. Kikitoa sauti nzito, kimeshika. Kikilia kama debe tupu, chini yake kuna uwazi, na mwenye nyumba ana haki ya kunitukana.

Chumba cha mama, katika nyumba ya dada yangu, nilikitandika mwenyewe. Mtaa ule zamani ulikuwa mikoko, na marehemu baba alikuwa akikamata kaa papo hapo. Ikakatwa, kikamwagwa kifusi, vikapimwa viwanja, watu wakadhani kaa wamekwisha. Wapi! Wale wekundu wa matopeni hatukuwaona tena, ila walikuja wa kijivu, rangi ya saruji, wanaoishi kwenye mabomba ya maji machafu na kula makombo ya karoni. Dada alikuwa akiwafagia barazani kila asubuhi.

Siku moja likatokea tundu pembeni mwa chumba cha mama. Nikaliziba. Likatokea la pili, nikaliziba pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, si ndivyo? La tatu halikutokea, nikajiona mjanja.

Wiki chache baadaye, mchana, nilimkuta mama ameketi kitandani anagonga sakafu kwa mkongojo wake. Mara tatu. Kisha akainamisha kichwa, akasikiliza.

Chini kukajibiwa. Ko, ko, ko.

"Baba yako huyo," akasema, uso umemng'aa.

"Mama, hao ni kaa."

"Kaa gani anayejua kuhesabu?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikatambaa chini ya kitanda na mwiko wangu, nikagonga kigae cha kwanza. Kitupu. Cha pili, kitupu. Hadi mlangoni, kazi yangu yote niliyoiringia ilikuwa ikilia kama debe. Nikalaza sikio sakafuni. Nikasikia mkwaruzo wa miguu mingi, mingi mno, kisha yote ikatulia kwa pamoja, kana kwamba nao wananisikiliza. Nilikuwa nimewazibia njia ya kutokea, nao wakachimba kwa ndani, na sasa mama yangu alikuwa akilala juu ya vigae vitupu.

"Dada! Njoo tumtoe mama, sasa hivi!"

Mama akang'ang'ania ubao wa kitanda. "Siendi. Miaka tisa nalala peke yangu. Leo mwenzangu ananiita, ninyi mnanitoa?"

"Sakafu itaanguka, mama!"

"Na ianguke."

Sikubembeleza. Nilimnyanyua juu juu, dada akamshika miguu, mkongojo ukinitwanga mgongoni. Tulikuwa ndiyo kwanza tumefika sebuleni vigae vilipopasuka, kimoja, kisha vyote. Kitanda kikazama taratibu. Nilichungulia shimoni. Kulikuwa na maji meusi na migongo ya kijivu, mamia, na hakuna hata kaa mmoja aliyekimbia.

Sasa mama anakaa kwangu, ghorofa ya pili, mlimani, mbali na bahari. Mwanzoni alikataa chakula. Kila alasiri aligonga sakafu mara tatu, akasikiliza, akageukia ukutani. Iliniuma sana. Nilimwokoa, na nikamfanya mjane mara ya pili. Basi nikazungumza na jirani wa chini. Nikitoka kazini napitia kwake, napanda kwenye kiti, nagonga dari kwa mpini wa mwiko. Ko, ko, ko. Mama akaanza kula.

Juzi jirani alisafiri, akaniachia ufunguo. Jana kazi ilinichelewesha, nikapanda moja kwa moja juu, nikijua nitamkuta amenuna. Nilimkuta anamaliza sahani, anatabasamu.

"Leo baba yako kaniwahi," akasema. "Tena safari hii kagonga huku."

Alinyooshea kidole ukuta wa bafuni, panapopita bomba la maji machafu. Nikagonga kigae pale. Kilikuwa kitupu. Kando ya bomba palikuwa na tundu la upana wa kidole gumba, na chini yake vumbi jipya la saruji.

Ndoo yangu ya saruji ilikuwa mlangoni. Nikaifuata, nikachota mwiko mmoja.

"Mwanangu," mama akasema nyuma yangu, kwa sauti ya chini, "usinitoe tena."

Nikaurudisha mwiko ndooni.